Rangi ya Fuso na Ndevu za Papa Roger

Baraka, tarehe 14 Octobre 2023

Kwako Yaya Clarisse, dada yangu mukubwa kule kwenye baridi,

Pokea salamu mbele ubishi ianze. Huku nyumbani tuko wote. Goti ya Mama inamuuma siku ya kufua tu, siku ya kwenda sokoni inapona. Divine, mudogo yetu wa mwisho, ameingia darasa ya cinquième na sasa anaongea Kifaransa hata na mbuzi. Papa Roger, baba yetu mudogo mwenye alitulea, hajabadilika: mufupi, mukali, ndevu imejaa, na atelier yake ya rangi ingali pale kwenye barabara ya port, pale boti zinasimama. Compresseur, ile mashine ya kusukuma hewa, ingali inakohoa.

Utauliza sababu gani naandika na bic wakati simu iko. Simu iliyobaki ni ya Mama. Akiona jina yako anaweka haut-parleur, anaita bajirani, na siri yako inafika sokoni mbele umalize kusema allô. Simu yangu ilianguka ziwani, usiulize namna gani. Kwa hiyo barua itapita na Bukuru, ule Murundi muuza sabuni. Kila mwezi anavuka Uvira mpaka Bujumbura, kule ataiweka posta. Na yako irudi kwa njia ileile.

Sasa tuingie ndani. Dimanche Mama alizungusha photo yako kanisani, akasema binti yake anatengeneza moteur yenye kukunywa hewa na kutoa mayi. Batu bakapiga makofi. Mi nikachukua ile simu, nikakuza photo na vidole mbili. Yaya. Umevaa kanzu mweupe kama munganga, miwani ya plastiki, na mbele yako kuko kitu inapuliza rangi mweusi juu ya kitambaa ndogo kama ya mufukoni. Ile ni pistolet ya kupulizia rangi. Unapaka rangi.

Mi niliacha masomo troisième secondaire, sababu mwalimu wa hesabu na mi hatukupatana. We ulisoma Bukavu miaka tano, ukapanda ndege, Mama akalia barabarani mpaka batu ba pikipiki bakasimama kumuangalia, kumbe ni ili ufike pale mi nilifika na baskeli?

Na nikuambie, mi nilishafika mbali. Leo Papa Roger ananiachia kumaliza kazi mi mwenyewe. Juzi nilipaka réservoir ya moto moja, ile tanki ya mafuta ya pikipiki. Mwenyewe alijiona ndani, akaona haya, akaenda kunyoa. Unakumbuka sheria ya atelier: Papa Roger anainama, anatafuta ndevu yake ndani ya rangi. Akiziona, kazi imeisha. Asipoziona, unakwangua yote na papier émeri, ile karatasi ya muchanga, unaanza tena. Vacances zote, masomo ikifungwa, we ulikuwa unakwangua pamoja na mi mpaka vidole inatoka damu. Basi ukikwama kule, uliza fundi. Sitaringa sana.

Mi mudogo yako mwenye mukono ya dhahabu,
Wilfried


Liège, 22 Novemba 2023

Kwa Wilfried, fundi mkuu wa Fizi na dunia iliyobaki,

Barua yako ilitembea wiki tano na ilikuwa na makosa ishirini na moja. Niliyahesabu wakati maji ya chai yalikuwa yanachemka. Mimi ni mzima. Navaa soksi mbili mbili, na jirani yangu wa chumba anapika kitu kinachonuka kama gundi ya viatu. Msalimie Mama, mwambie goti lifungwe na kitambaa cha moto. Msalimie Divine na mbuzi wake. Msalimie Papa Roger kwa heshima, siyo kwa namna yako.

Nitakueleza mara moja tu, polepole, kama ningemweleza Divine, ingawa Divine angeelewa haraka zaidi. Kitu ninachokifanya kinaitwa pile à combustible. Unakipa hidrojeni upande huu, hewa upande ule, na katikati kuna ngozi ya plastiki, nyembamba kuliko sachet ya kufungia sukari. Kinatoa umeme, na moshi wake ni maji tu. Lakini ile ngozi peke yake haina faida. Lazima pande zake mbili zipakwe tabaka jeusi: unga wa kaboni wenye chembe za platini, pamoja na gundi yake, vyote vimekorogwa ndani ya maji na alkoli. Hiyo platini hata wachimbaji dhahabu wa Lulimba hawajaiota. Wangelia wakikuona unaitema ovyo kwa mkono wako wa dhahabu.

Wengine wanapaka kwa kisu kipana, wengine wanachapa kama kitambaa. Sisi tunapuliza. Na siyo pistolet yako inayotema kama mtu mwenye mafua. Mdomo wa mashine yangu unatetemeka haraka kiasi kwamba sikio halisikii, unavunja wino kuwa ukungu. Ngozi imelala juu ya bamba la moto, bamba linaivuta kwa chini isijikunje, na mdomo unapita kwenda na kurudi, kisha kwa upana, mara thelathini. Wewe ukipita mara tatu unataka kulala.

Tarehe 27 ya mwezi wa sita comité itakaa, walimu watano. Watapima matabaka yangu. Yakitoa umeme wa kutosha, ninaendelea mpaka shahada ya docteur. Yasipotoa, ninafunga sanduku na kurudi. Kwangu hiyo ni formalité, desturi tu. Matabaka yangu yanang'aa. Papa Roger angeona ndevu zake, na hata nywele za puani.

Mama asijue habari ya comité, ataanza kufunga kula leo.

Dada yako aliyemaliza shule,
Clarisse


Baraka, tarehe 9 Janvier 2024

Kwako Yaya mwenye pistolet ya kutetemeka,

Mwaka mupya ikukute na soksi tatu. Bukuru alinipatia barua yako juzi, imekunjwa ndani ya katoni ya sabuni. Nimeisoma ikinuka savon ya kufulia, njo maana maneno yako yote ilikuwa safi hivi. Noël tulikula kuku ya jirani. Usiniangalie vile, alituletea mwenyewe. Mama alitumia kitambaa ya moto na goti ikapona, sasa anaumwa kiuno. Divine amekuwa wa pili ya darasa na ametangaza kwamba wa kwanza alikopia.

Sasa sikia habari ya mudogo yako. Mwezi ya kumi na mbili shemeji wa Papa Roger alikufa kule Lubondja. Papa Roger akaenda matanga siku tatu, akaniachia atelier na ufunguo. Ni mi mwenyewe, bila muntu kunishika mukono, nilipaka Fuso ya Mama Anastasie, ile camion yenye kubeba bidhaa kwenda Lulimba. Cabine yote, bleu kama ziwa. Yaya, mpaka leo mji yote inaiongelea. Ikipita sokoni batu banaacha kununua, banaigeukia. Sitasema zaidi, wivu ni mubaya kwa damu. Photo nitatuma.

Juu ya kazi yako, nilicheka. Mara thelathini? Muntu mwenye anapita mara thelathini hajiamini. Mara tatu, nzito, mulaini, unasimama karibu, rangi inalowa, inatulia, inajilaza yenyewe kama mutoto ameshiba. Halafu unamwangia sakafu mayi ili vumbi ilale. Unamwangia sakafu? Nina hakika humwangii. Profesa wako naye, kama hajawahi kupaka hata mulango ya choo, anakufundisha nini?

Lakini kitu moja imenikwaruza. Umeandika kwamba tabaka zako zinang'aa. Umesahau kuandika zinatoa umeme ngapi. We ndiye ulikuwa unamuambia Mama points zako mbele ya bonjour. Comité ni mwezi ya sita. Basi points iko wapi?

Mi mwenye Fuso,
Wilfried


Liège, 25 Februari 2024

Wilfried,

Nimepata barua. Niko salama. Theluji ilianguka siku mbili ikageuka matope, kama barabara ya Lulimba lakini bila watu wa kusukuma.

Umeme ni mambo ya watu waliousoma. Wewe baki na réservoir za moto. Na usiniambie tena habari ya kumwagia sakafu maji. Nikimwaga maji hapa nitaua mashine inayopita thamani ya nyumba zote za quartier yenu.

Sasa nikuulize na mimi. Jana nilimpigia Mama. Nilipouliza Fuso ya Mama Anastasie inaonekana namna gani, Divine alianza kucheka hata akashindwa kushika simu. Mama akaichukua, akasema réseau ni mbaya. Réseau ilikuwa nzuri, nilikuwa namsikia jirani akipepeta mchele. Photo uliyoniahidi haijafika.

Mji wote unaiongelea, ulisema. Huo mji unasema nini?

C.


Baraka, tarehe 6 Avril 2024

Kwako Yaya mwenye barua fupi,

Salamu kutoka kwa batu ya mayi. Ziwa imepanda. Barabara ya port imezama, duka za chini zimezama, na samaki ndogo zinaogelea pale Papa Roger alikuwa anaweka kiti yake. Tulipandisha compresseur juu ya meza, kisha meza juu ya matofali, kisha tukahamisha yote kwa jirani wa mulimani. Mama, Divine, mbuzi, wote bazima. Bukuru anapita na boti pale alikuwa anapita na miguu. Kama hii barua italowa, si machozi.

Fuso iko sawa. Inatembea. Ina magurudumu sita. Divine anacheka kila kitu, juzi alicheka catéchiste. Photo haikutoka muzuri sababu ya jua.

Turudi kwako. Mi sikumaliza masomo, lakini ninajua muntu mwenye rangi yake imemukatalia. Ukimuuliza juu ya rangi anakujibu juu ya theluji. Ukimuuliza tena anakujibu juu ya Divine. Barua yako ya kwanza ilikuwa na platini, ukungu, bamba ya moto, walimu batano, nywele ya puani. Ya pili ina mistari kumi na herufi moja ya jina. Hata kunitukana umenitukana vibaya, bila moyo. Nimeona haya kuisoma.

Umebakiza miezi mbili na kitu. Nakuuliza kama vile Papa Roger anauliza, akiinama: ndevu iko ao haiko?

Wilfried


Liège, 15 Mei 2024

Mdogo wangu,

Nimefurahi kwamba maji hayakuingia nyumbani. Mwambie Mama nimekula, maana najua ndilo swali lake.

Haiko.

Tangu Novemba haiko. Ukiomba umeme kidogo, inatoa vizuri. Ukiomba zaidi, inazama, kama mtu anayekimbia huku umemshika pua. Nilikata kipande nikaangalia na microscope. Juu pamezibwa, laini kama goudron mpya ya barabara. Hewa haipati mlango wa kuingia, na maji yanayozaliwa ndani hayapati mlango wa kutoka. Nimepunguza gundi. Nimebadili alkoli. Nimesali, na mimi si mtu wa kusali mara mbili kwa siku. Profesa anasema ni wino, kila wiki anasema ni wino.

Kitu kinachonikasirisha ni hiki: kadiri tabaka linavyokuwa zuri, ndivyo linavyokataa. Nasogeza mdomo karibu, napunguza moto wa bamba, wino unalowa, unatulia, unang'aa hata naona taa ya dari ndani yake. Kazi safi. Papa Roger angesema imeisha. Kisha naipeleka kwenye kipimo na inakufa. Tabaka moja tu lilinipa nafuu, la mwezi wa tatu, nalo lilikuwa baya, lenye madoa. Nililikwangua kwa haya kabla mtu hajaliona.

Zimebaki wiki sita. Nikianguka, nitashuka Baraka na sanduku, na Mama atakwenda kanisani kuwaambia waliopiga makofi. Ndiyo maana barua yangu ilikuwa fupi. Ukimwambia Mama nitakuja kukunyonga mimi mwenyewe, hata kwa kupanda boti ya Bukuru.

Nimekupa yangu. Sasa nipe ya Fuso, bila kuipamba.

Clarisse


Baraka, tarehe 17 Juin 2024

Kwako Yaya Clarisse,

Salamu haraka haraka, sababu hii barua haitangoja Bukuru. Yako ilifika leo asubuhi, na yangu ikienda na miguu itafika mwezi ya saba. Divine ataipiga photo, page kwa page, na simu ya Mama, atakutumia. Maana yake Mama ataisoma, na bajirani bataisomewa. Bajirani, bonjour. Kaeni muzuri, ni habari ya haya yangu peke yake. Ya muntu mwingine haimo.

Fuso.

Papa Roger alikwenda Lubondja mercredi. Mi nilitaka arudi akute cabine imemalizika, anyamaze, aniite fundi mbele ya batu. Alikuwa ameniambia nipake asubuhi, mbele jua ipande, chini ya hangar, kwenye kivuli. Lakini asubuhi nililala. Saa sita niliisogeza Fuso inje, palepale juani, sababu ndani ya hangar batu ya barabarani hawangeniona. Chuma ilikuwa moto, ukiweka kidole inakukataa. Niliongeza diluant, ile ya kukausha rangi haraka. Kisha nikasimama mbali, mukono muzima na nusu, sababu kuko binti moja wa muuza ndizi alikuwa anaangalia, na muntu mwenye anapuliza kutoka mbali anaonekana fundi kuliko mwenye ameinama kama anatafuta kifungo.

Rangi ilikauka hewani. Ilifika kwenye chuma nusu vumbi. Nilipita mara moja, haikulala. Nikapita tena, ikapanda juu ya ingine kama unga. Nilipita mara nyingi, Yaya, labda ile thelathini yako, na kila mara ikazidi. Jioni Fuso ilikuwa bleu, kweli, lakini bleu ya kufa, bila macho, na ukiigusa ni ulimi ya paka.

Papa Roger alirudi vendredi, siku ya tatu. Akainama kutafuta ndevu. Akabaki ameinama, mpaka nikafikiri mugongo imemushika. Kisha akauliza polepole:

"Wilfried, hii ni rangi ao ni unga ya muhogo?"

Akanyoosha mukono, nikamupatia pistolet. Tangu ile siku sijaishika tena. Nakwangua na émeri, basi. Miezi sita. Hata ile barua ya kwanza, ya mukono ya dhahabu, iliandikwa na muntu wa émeri: ile réservoir ya mwenye kunyoa alipaka Papa Roger.

Mji inasema nini, uliuliza. Ile Fuso inaitwa Fufu, kama ugali ya muhogo. Mama Anastasie hakukubali ikwanguliwe sababu camion yake hailali, iko barabarani siku zote, na kila mara inapopita port bamama ba pale bananingoja mi nipite ili baniulize kama nimeleta mboga ya sombe ya kuilia. Moja wao, camion ikiwa inapakia, alitoa sandale, akasugua kisigino kwenye mulango. Wenzake wakaona inafaa. Sasa banapanga foleni.

Lakini sikia kitu moja, ni sababu ya hii kitu Divine anapoteza crédit ya simu ya Mama. Mvua ikinyesha, kwenye magari zingine mayi inateleza. Kwenye yangu inaingia. Rangi inaikunywa yote, inageuka mweusi. Kisha upepo kidogo, na yote imetoka, imekauka mbele ya zile zingine. Mayi inaingia na kutoka pale kama iko nyumbani kwao. Niliiangalia mara mingi, nikiwa na hasira, na émeri mukononi.

Basi mi sijui kitu. Ila kama kuko fundi fulani, sijui wapi, rangi yake imezibwa pua, mi ni bingwa wa rangi yenye pua wazi. Asimame mbali. Chuma iwe moto kupita vile anaona ni adabu. Rangi ifike imeshachoka, karibu kavu. Na asijiangalie ndani, hakuna kitu ya kuona.

Cheka, lakini cheka haraka.

Wilfried wa émeri


Liège, 30 Juni 2024

Kwa Wilfried, bingwa wa rangi mbaya,

Salamu kwa wote, na kwa Mama salamu mbili. Nimepona homa niliyomwambia kwenye simu. Haikuwa homa, ilikuwa hofu ya comité. Sasa anaweza kujua, nawe unaweza kumsomea hii kwa sauti.

Photo za Divine zilifika mimi nikiwa mbele ya mashine. Nilisoma mpaka kisigino nikacheka peke yangu. Niliposoma habari ya mvua niliacha kucheka, nikakaa chini. Wilfried, vitabu vilisema hivyo. Niliyasoma yote hayo mwaka wa kwanza, nikapigia mstari na bic nyekundu. Kichwa kilisoma, mkono haukusoma. Mkono wangu ulisomea kwa Papa Roger.

Nilipandisha bamba. Nilirudisha mdomo wa mashine mbali. Nilipunguza wino, nikaongeza kupita, siyo thelathini, sitini. Na kwa kuwa najijua, nilichukua gazeti nikalibandika kwenye kioo cha mashine ili nisione, maana ningeona ningelilainisha tena. Nilipofungua, tabaka lilikuwa baya namna ambayo sijui kuandika. Jeusi la masizi. Niliangalia mlangoni kama kuna mtu anakuja.

Niliomba umeme kidogo, likatoa. Nikaomba zaidi, likatoa. Nikaomba pale ambapo mengine yote yalikuwa yanakufa, na likatoa, siku nzima, na maji yakadondoka kwenye mpira wa kutokea, tone kwa tone. Nilifanya mengine mawili. Yote mabaya, yote yakatoa.

Tarehe 27 mwalimu mmoja alinyanyua kipande changu akauliza kama kilianguka chini. Nilimwambia asubiri mchoro wa vipimo. Walipouona hawakupiga makofi, huku hawapigi. Walisema niendelee. Kisha yule yule akafungua cahier yangu ya vipimo akauliza kwa nini kila tabaka limeandikwa Fuso moja, Fuso mbili, Fuso tatu. Nilijibu kwamba ndilo jina la njia hiyo, inatoka Baraka, na aliyeigundua ana kazi nyingi hakuweza kuja.

Usivimbe. Uliigundua kwa kulala asubuhi.

Ndani ya bahasha kuna vipande viwili vidogo kama ukucha, vimefungwa kwenye karatasi. Kimoja ni kizuri na hakifai. Kingine ni Fuso tatu. Mpe Papa Roger achague, usimwambie kitu kwanza.

Dada yako,
Clarisse


Baraka, tarehe 11 Août 2024

Kwako Yaya Clarisse, mwanafunzi wangu,

Pokea salamu za nyumba yenye makelele. Mama alisikia barua yako mara tatu, mara ya tatu na bajirani, na pale pa "walisema niendelee" alisimama kabisa. Kiuno, goti, vyote vimepona, tunangoja kitu ingine iume. Ziwa imeshuka, tumerudisha compresseur mahali yake. Divine anasema ni yeye aliokoa masomo yako sababu alishika simu bila kutetemeka.

Nilimupatia Papa Roger vipande vyako. Aliviweka juu ya meza, akainama. Ya kung'aa aliiangalia, akajishika ndevu, akasema hii ni kazi. Ya pili aliigusa na kidole, akajipangusa kwenye suruali. Njo pale nikamueleza yote, umeme, pua, walimu batano, cahier yenye kuandikwa Fuso. Sikuharakisha. Nilikuwa nimengoja miezi nane.

Akaenda kuzima compresseur. Kisha akasema:

"Kumbe kule mutu anapaka vibaya makusudi, banamuita docteur."

Nikamuambia ndiyo. Akauliza kama ndevu yake haina kazi tena huko Ulaya. Nikamuambia haina. Akachukua ile kipande mubaya, akaifunga ndani ya kitambaa yake ya mufukoni, na tangu pale kila client anaonyeshwa. Anasema ni kazi ya mutoto yake, haiguswi na mikono michafu. Ya kung'aa aliitupa pamoja na takataka ya mastic. Haya ndiyo mambo ya ule mwenye alinifundisha kung'arisha.

Lakini mi hakunisifu. Jioni, akifunga mulango, alisema tu bila kunigeukia:

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, Fuso iko hapa. Chini ya hangar. Ukilala, usiamke."

Sikulala. Nilifika mbele yake, nikakuta Fuso imeegeshwa, na pistolet juu ya kiti, imeoshwa. Mama Anastasie mwenyewe alikuwa pale, amefunga mikono, alisema amechoka kuitwa mwenye Fufu na safari hii camion italala mpaka ipone. Tulikwangua siku mbili. Ya tatu nilipuliza, chuma ya baridi, karibu, rangi ikalowa, ikajilaza. Papa Roger hakunishika mukono, alikaa kwenye kiti yake akiniangalia kama askari wa barrière anaangalia karatasi ya njia ya uongo.

Kisha akainama. Nilihesabu mpaka kumi na moja. Akatoa mukono, akanyoosha ndevu yake upande wa kushoto, pale aliiona imesimama ndani ya rangi, akaenda kula.

Bamama ba port balikasirika. Balisema nimeharibu mahali pao pa kusugua bisigino. Nikabaambia baende Liège, kuko fundi moja kule anafanya mubaya kabisa.

Ila kitu moja Papa Roger hajaiona, na usimuandikie. Chini ya mulango ya dereva, upande wa ndani, niliacha kipande ya zamani, bleu ya kufa, ukubwa ya kitambaa yako ndogo. Sikuigusa na émeri. Iko pale inakungojea, Yaya. Ukikuja na bisigino yako ya soksi tatu, Fuso itakuwa port.

Mi mudogo yako mwenye pistolet,
Wilfried